Mzigo Ubaki Ghalani

Mama mmoja anayekaanga samaki pale soko la samaki Bagamoyo alinifuata mwaka jana na karatasi iliyokunjwa mara nne, pembe zake zimelowa mafuta. Mwanawe alikuwa amemwandikia mahitaji: laptopu yenye Core i7, RAM gigabaiti 16, diski ya SSD gigabaiti 512. Chini yake ilikuwepo bei aliyopewa Kariakoo, shilingi 1,800,000. "Mwalimu," akaniuliza, "hii ndiyo inayotakiwa kweli, au mtoto ananipiga?"

Mtoto hakuwa anampiga. Aliandika alichoambiwa, na waliomwambia walikuwa watu wazima wenye nia njema: kwamba anayetaka kuandika programu aanze na mashine yenye nguvu, kila kitu akiweke humo ndani, na habari za kufanyia kazi kwenye seva ya mbali awaachie wenye intaneti nzuri, watu wa Dar na watu wa ng'ambo. Nimeisikia kauli hiyo madarasani, nimeisikia semina, nimeisikia kwa vijana wenyewe wakiambiana kana kwamba ni kanuni ya maumbile. Bagamoyo mtandao unasumbua, umeme unakatika, kwa hiyo kila kitu kiwe mkononi mwako.

Naipinga kauli hiyo kichwa hadi mkia. Seva ya mbali inamfaa kuliko wote mtu mwenye bando dogo, umeme wa wasiwasi na laptopu ya mtumba. Mwenye nyaya za kasi ofisini na mashine ya milioni nne ndiye anayeweza kuishi bila hiyo. Tumeshika ushauri wa watu wa hali nyingine tukaugeuza sheria yetu, na sheria hiyo inakula akiba za akina mama sokoni.

Tuelewane kwanza kitu chenyewe ni nini. Katika kuandika programu kuna kazi mbili zinazochanganywa. Ya kwanza ni kuandika: kufungua faili, kusoma, kubadili mstari, kuhifadhi. Hiyo ni nyepesi, kompyuta ya miaka thelathini iliyopita iliiweza bila kuhema. Ya pili ni yote yanayouzunguka uandishi huo: kushusha maktaba za msimbo, kuwasha hifadhidata, kuiunda programu, kuipima, pamoja na ile programu inayosoma msimbo wako kimyakimya na kukupigia mstari mwekundu ukikosea. Hiyo ya pili ndiyo inayofanya feni ilie na laptopu igande. Mpango ninaoutetea unazitenga kazi hizi mbili. Kihariri kinabaki kwenye laptopu yako. Mengine yote yanakaa kwenye seva. Kati yao inapita njia moja iliyofungwa kwa siri, SSH. Anayetumia Visual Studio Code hupata jambo hili kwa programu-jalizi ambayo Microsoft waliitoa Mei 2019: unaandika anwani ya seva, kihariri kinapanda kipande chake upande wa pili, na faili unazoziona pembeni ni za huko. Anayetumia Vim au Emacs hahitaji hata hicho, maana anaweza kuingia kwenye seva na kukifungua kihariri huko huko.

Sasa bando. Wapinzani wangu hapa ndipo wanapojiona wameshika mpini. Kama mashine iko mbali, wanasema, si kila kitu kitapita kwenye mtandao? Basi tuhesabu kinachopita. Ndani ya SSH kila herufi unayobonyeza inaondoka kama pakiti ndogo, na jibu lake linarudi. Jumlisha anwani na vikorombwezo vyake vyote, ni baiti kama 300 kwa herufi moja, kwenda na kurudi. Mtu aliyeandika kutwa bila kupumzika amebonyeza labda mara 20,000. Hizo ni megabaiti 6. Zidisha mara tano kwa sababu ya kurasa zinazopanda na kushuka na matokeo yanayomiminika kwenye skrini: megabaiti 30. Video chache za WhatsApp kutoka kwenye kundi la harusi zinamaliza kiasi hicho kabla ya chai ya saa nne.

Tuhesabu na upande wa pili, wa yule aliyeshauriwa aweke kila kitu kwenye laptopu yake. Imeji moja ya Docker inaweza kuwa mamia ya megabaiti hata kabla ya kufunguliwa, na mradi mmoja hutaka mbili tatu. Folda ya maktaba ya mradi wa kawaida wa JavaScript hujaa mamia ya megabaiti. Zana za Android ni gigabaiti kadhaa kabla hujaandika mstari wa kwanza. Na huo ni ushushaji wa mara ya kwanza tu. Anayejifunza huharibu, na kuharibu ndiyo shule yenyewe: anafuta, anaanza upya, anajaribu toleo jingine. Kwenye laptopu yake kila kosa analilipia bando. Nimekaa na kijana mmoja mtaani Nianjema, hapa Bagamoyo, saa tano usiku tukiutazama mstari wa kushusha ukijivuta hadi asilimia 83, mtandao ukakata, mstari ukarudi sifuri. Alifunga laptopu taratibu, akasema ataendelea mwisho wa mwezi. Kijana mwenye akili namna ile alisimama wiki tatu kwa sababu tu alitii ushauri. Seva ingeshusha vitu vile vile kwa laini ya kituo cha data, kwa sekunde, bando lake lisiguswe.

Mji huu unapaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Wafanyabiashara waliofungasha misafara hapa, mmoja wao Sewa Haji, waliupima mzigo kwa mgongo wa mpagazi: kama frasila mbili, kilo 30 na kidogo, basi. Siisifu biashara ile, iliyopitisha pembe na ikapitisha pia watu waliotekwa. Nasema tu kwamba aliyeifanya alijua swali la kwanza ni njia inaweza kubeba nini, na kilichozidi uwezo wa njia kilibaki ghalani. Njia yetu leo ni simu iliyowashwa hotspoti dirishani, na kijana anaambiwa aipitishie ghala zima.

Kwenye umeme nitakaa zaidi, kwa sababu hapo nimeona kwa macho yangu.

Laptopu niliyoizungumzia, ya yule kijana wa Nianjema, ina betri, ila betri yenyewe imekufa. Mashine inaishi kwenye chaja kama mgonjwa kwenye dripu. Umeme ukipepesa tu inazimika. Tulipitia mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 kwa hali hiyo, na ingawa mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, uliwashwa Februari 2024, kukatika kwa mtaani hakujatutoka. Mvua ikinyesha vizuri tu, giza. Zamani kila giza lilimrudisha mwanzo: hifadhidata imefungwa vibaya, majaribio yameishia katikati, madirisha kumi aliyokuwa ameyapanga yamepotea, na kichwa nacho kimepotea pamoja nayo.

Jioni moja ya Alhamisi, miezi miwili baada ya kumfungulia akaunti kwenye seva, umeme ulikatika akiwa ameanzisha majaribio marefu ya mfumo wa kuandikia mapato ya vikundi vya kukopeshana. Laptopu ikazima pwi. Hakushtuka. Alitoa simu mfukoni, akafungua Termux, akaandika amri mbili kwa kidole gumba, na kwenye skrini ile ndogo yakatokea majaribio yake yakiendelea kushuka mstari kwa mstari, ya 212, ya 213, ya 214, kana kwamba Nianjema haijawahi kuwa na umeme wala kukosa. Siri yake ni programu ndogo inaitwa tmux, ya mwaka 2007. Kaka yake, Screen, ipo tangu 1987. Unaianzisha kwenye seva, unafanya kazi ndani yake, na wewe ukiondoka, kwa hiari au kwa kukatiwa, yenyewe inabaki pale pale ikikusubiri. Tulikaa na mshumaa tukisoma majaribio yaliyofeli kwenye simu. Umeme uliporudi saa tatu kasoro, alikuwa tayari anajua mstari wa kurekebisha.

Naomba msomaji anayeshikilia kwamba umeme wetu mbovu unatudai tuweke kila kitu nyumbani anieleze: nyumbani wapi? Kwenye nguzo ile ile inayopigwa na radi? Mashine yenye Core i7 ikizimika ghafla inapoteza kazi sawasawa na ile ya bei ya chini, na diski yake inaweza kuumia vile vile. Ukiiweka kazi mahali penye jenereta mbili na mafundi wa zamu, kinachokatika kwako ni dirisha la kuitazamia tu.

Kuna kiburi kimoja nyuma ya ile kauli kwamba haya ni mambo ya wenye intaneti nzuri, na historia inakikanusha. Mwaka 1976 Bill Joy, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, aliandika kihariri vi. Amesimulia mwenyewe kwamba alifanyia kazi nyumbani kwa modemu ya baudi 300. Kasi hiyo ni herufi kama 30 kwa sekunde. Skrini ya enzi zile ilikuwa na mistari 24 ya herufi 80, yaani 1,920; kuijaza mara moja kulichukua zaidi ya dakika. Ndiyo maana amri za vi ni herufi moja moja: mtu mwenye laini mbovu hawezi kupoteza herufi. Wenzake wa MIT waliokaa maabara na laini za kasi walijenga Emacs kwa starehe zao. Kihariri kilichozaliwa kwenye shida ndicho kilichosambaa kwenye seva nyingi duniani. Kufanyia kazi kwenye mashine ya mbali kupitia uzi mwembamba ndiko kulikotangulia. Anasa ya kila mtu na mashine yake nzito imekuja baadaye.

Na mrithi wa vi ana undugu na sisi. Vim, aliyoitoa Mholanzi Bram Moolenaar mwaka 1991, kwa miaka mingi imemkaribisha kila anayeifungua kwa ombi la kuwasaidia watoto wa Uganda. Moolenaar alikwenda mwaka 1994 kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, akishughulikia maji na usafi katika eneo lililojaa yatima wa UKIMWI, na mpaka alipofariki Agosti 2023 aliendelea kuwachangisha watumiaji wa programu yake kwa ajili ya watoto wale. Maelfu ya wataalamu wa Ulaya na Marekani wameliona jina la Uganda kila asubuhi wakianza kazi kwenye seva zao. Halafu mtoto wa Afrika Mashariki anaambiwa kwamba zana hiyo na namna hiyo ya kufanya kazi si ya kwake. Inaniuma kuisikia.

Sitaki kujifanya hakuna tabu. Umbali ni umbali. Kutoka pwani hii hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,000 hata ukiruka kama ndege, na mwanga ndani ya nyaya za kioo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa waya ulionyooka tu, kwenda na kurudi kungezidi milisekunde 60. Kwa waya halisi unaopinda baharini, zidisha mara mbili na zaidi. Vidole huisikia hiyo: unabonyeza, herufi inachelewa kidogo kutokea, na baada ya saa moja una hasira usiyojua imetoka wapi. Lakini tabu hii ina dawa za siku nyingi. Mosh, iliyotoka MIT mwaka 2012 kwa mikono ya Keith Winstein na Hari Balakrishnan, inaionyesha herufi yako papo hapo kwa kubashiri jibu la seva, na ukihama kutoka Wi-Fi kwenda hotspoti, au ukilala na kuamka, muunganisho haufi. Visual Studio Code nayo huandika herufi kwenye laptopu kwanza, kisha hupeleka mabadiliko. Tena hakuna aliyelazimisha Frankfurt. Amazon wana vituo Cape Town tangu Aprili 2020, Google wapo Johannesburg tangu Januari 2024, na Kijitonyama kipo Kituo cha Taifa cha Data, umbali wa daladala moja ya Bagamoyo hadi Makumbusho.

Usalama niutaje kwa ufupi, maana watu huutumia kama kinyago cha kutishia. Ni kweli seva yenye anwani ya wazi hupigiwa hodi na roboti usiku kucha wakibahatisha manenosiri. Zima manenosiri, ingia kwa ufunguo, na roboti watabisha mpaka wachoke. SSH yenyewe iliundwa na Tatu Ylönen nchini Ufini mwaka 1995 baada ya manenosiri kuibwa kwenye mtandao wa chuo chake. Kuzima manenosiri na kuweka ufunguo ni kazi ya robo saa, na kijana akiifanya mara moja ameshajua jambo ambalo wenye mashine za milioni mbili hawajalijua.

Sasa hoja nzito kuliko zote, ambayo waungwana wanaobishana nami huishika kwa mikono miwili. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, na ikabaki imezimwa kwa siku kadhaa. "Haya," wananiambia, "siku hizo seva yako ya Ujerumani ilikufaa nini?"

Haikunifaa kitu. Nilikaa nikiitazama simu kama watu wote. Lakini nami nina la kuuliza. Siku hizo mwenye laptopu ya 1,800,000 alifanya nini? Aliandika faili alizokuwa nazo, hakuweza kushusha kitu, hakuweza kumkabidhi mteja. Na hicho alichokiweza, nami nilikiweza, kwa sababu nakala ya msimbo wangu iko pia kwenye laptopu. Git ipo kwa kazi hiyo, na msimbo mtupu ni megabaiti chache ambazo hata mashine ya gigabaiti 4 inazihifadhi na kuzifungua. Kuwa na mazingira mazito mbali hakukuzuii kuwa na maandishi mepesi karibu. Siku chache za kufungwa kwa njia hazinishawishi niishi mwaka mzima kana kwamba njia imefungwa.

Zaidi ya hapo, neno "mbali" ndilo linalotupotosha. Seva ni mashine uliyoiacha mahali fulani na kuifikia kwa waya. Mahali hapo pakiwa Kijitonyama, kukatika kwa nyaya za baharini hakuvunji njia. Pakiwa chumba cha pili, hata kuzimwa kwa intaneti hakukugusi.

Nimeingia chumba cha kompyuta cha shule moja ya sekondari wilayani humu. Mashine kumi na mbili chini ya mashuka ya maua, RAM gigabaiti 2 kila moja, zimeandikwa karatasini kuwa mbovu. Nilipoziwasha, tisa zikawaka. Ubovu wao ni kwamba haziwezi Windows mpya, na Windows 10 yenyewe Microsoft wameacha kuihudumia tangu Oktoba 14, 2025, kwa hiyo mwaka huu shule nyingi zitaandika mashine nyingi zaidi kwenye karatasi hiyo. Mashine hizo tisa zikiwekewa Linux nyepesi, zikaungwa kwa nyaya kwenye kompyuta moja ya mezani yenye RAM gigabaiti 32, ni maabara kamili. Mwanafunzi anakaa mbele ya skrini kuukuu, kazi yake inafanyika kwenye mashine ile moja, maktaba za msimbo zimeshushwa mara moja kwa wote, na intaneti ikikata saa nne asubuhi kipindi kinaendelea. Ile shilingi 1,800,000 ya karatasi yenye mafuta ingenunua kompyuta hiyo, ya mtumba lakini nzima, na kuwahudumia watoto tisa badala ya mmoja. Kwa nini hakuna anayempa mkuu wa shule ushauri huu? Kwa sababu washauri wameshakubaliana kwamba seva ni mambo ya mbali.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, moja, kwa kazi za serikali nzima. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta, na marufuku hiyo ilituchelewesha miaka mingi. Wakati ule mlango ulifungwa kwa tangazo. Leo hakuna tangazo, ila kuna orodha ya mahitaji inayosema bila gigabaiti 16 usije, na mtoto wa mkaanga samaki anaisoma kwa maana ile ile. Hapa Bagamoyo tumesubiri mengi. Bandari ya Mbegani ilitiwa saini mwaka 2013, ikasimamishwa 2019, na wazee wamezeeka wakiisubiri. Sitakubali kijana aongezewe na hili la kusubiri laptopu.

Wapo wanaosema seva inamfanya mtoto tegemezi: hatajifunza kompyuta yake mwenyewe, na kazi yake itakuwa mateka wa kampuni ya kigeni. Sehemu ya kwanza nimeiona ikiwa kinyume. Aliyeweka kila kitu kwenye laptopu kwa kubonyeza "endelea, endelea, maliza" hajui kilichotokea. Aliyeandaa seva kwa mkono wake anajua mtumiaji ni nini, ruhusa ya faili ni nini, huduma inawashwaje na kumbukumbu za makosa zinasomwa wapi, na siku atakapoajiriwa kuendesha mfumo wa hospitali au wa halmashauri, seva atakayokabidhiwa itakuwa ndugu ya ile aliyoizoea.

Sehemu ya pili naipokea kwa uzito wake. Usiweke kazi yako yote mahali pamoja. Hilo ni la lazima na git inalirahisisha. Na taarifa za watu halisi zisipelekwe ng'ambo kwa kujifunzia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 1, 2023, nayo inaweka masharti kwa anayezisafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Ule mfumo wa vikundi vya kukopeshana ulipimwa kwa majina ya kubuni, na daftari halisi la akina mama halijawahi kutoka wilayani. Lakini tusidanganyane kwamba laptopu ni ngome. Laptopu inaibiwa kwenye daladala. Inaangukiwa na kikombe cha chai. Pwani hii hewa yenyewe ni chumvi, na nimefungua mashine za miaka mitatu zilizoota kutu kama nanga.

Kuna kikwazo kimoja tu ninachokubali ni kikubwa, nacho wapinzani wangu hawakitaji kamwe: kulipa. Seva ya kujifunzia inapatikana kwa dola 5 hadi 10 kwa mwezi, shilingi kama 13,000 hadi 26,000. Fedha hiyo kijana anaweza kuipata kwa kutengeneza simu. Asichokuwa nacho ni kadi inayokubalika. Kadi za mtandaoni zinazotolewa na mitandao ya simu zimesaidia, lakini nimeshakataliwa na kampuni moja ya seva, fedha ikiwa imo kwenye kadi, mara tu nilipochagua jina la nchi yangu. Niliandika barua tatu, sikujibiwa. Kama kuna mahali pa kuelekeza kelele, ni hapo: vituo vya data vya hapa nchini vimuuzie mwanafunzi seva ndogo ya mwezi mmoja, alipie kwa simu kama anavyolipia LUKU, bila barua ya kampuni wala namba ya mlipakodi. Anayetaka vijana wa pwani waandike programu asukume hilo, aache kuwaandikia orodha za Kariakoo.

Yule mama nilimjibu hivi: nunua laptopu ya mtumba iliyo nzima, kibodi nzuri, skrini isiyo na doa, betri inayoshika chaji, mengine tutayaweka kwingine. Mwanzoni alinitazama kama niliyemtukana mwanawe. "Yaani wa kwangu ndiye wa kupewa mbovu, mwalimu?" Nilimwomba akae, nikamfungulia seva mbele yake kwenye simu yake mwenyewe, nikamwonyesha mashine yenye nguvu kuliko ile ya kwenye karatasi ikitii amri kutoka benchi la samaki. Aliuliza maswali mazuri kuliko ninayoulizwa semina: nani ana ufunguo, tukichelewa kulipa wanafuta baada ya siku ngapi, na kama mtoto anaweza kuhama na vitu vyake. Nikamjibu yote.

Alinunua ThinkPad ya 380,000. Zilizobaki zingelipia seva zaidi ya miaka minne. Alitenga za mwaka mmoja, nyingine akanunulia friza la samaki. Liko uani, limejaa changu na jodari, limefunikwa kanga. Kijana anaandikia kwenye meza kando yake, kwa betri inayodumu saa mbili na nusu, na majaribio yake yanakimbia Johannesburg.